Jangwani alikokaa Yesu ni Jangwani ipi?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu meseji zimegongana. Watu wanne wasiojuana wameuliza kuhusu neno lilelile moja la Kigiriki bila wenyewe kujua kama ni neno moja, kwa hiyo nimeyaweka maswali yao pamoja, na la kwanza nitalijibu kwa urefu maana ndo limebeba mengine yote.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Nafundisha watoto sande skuli hapa Magomeni. Jumapili iliyopita somo lilikuwa Yesu kujaribiwa, nikawasomea kwenye Biblia ya Habari Njema kwamba Roho alimwongoza mpaka jangwani, akakaa huko siku 40. Mtoto mmoja wa miaka sita akanyoosha mkono akauliza, "Ticha, mafuriko hayakumchukua?" Wenzake wala hawakucheka, wote wakawa wananiangalia wanasubiri jibu, maana kwao Jangwani ni pale bondeni tunapopita kwenda Kariakoo na kila masika wanaona maji yamefunga barabara. Nikawaambia ni jangwa la mchanga mtupu, lenye ngamia. Nilivyofika nyumbani nikafungua Biblia ya Union nikakuta nyikani, afu mume wangu akasema nyika si ndo mbugani kwenye swala? Sasa nimebaki sijui nimewafundisha nini. Ni jangwa au ni nyika? (Mama mwalimu, Magomeni)

JIBU: Asifiwe milele dada yangu. Huyo mtoto mshukuru kwanza, ameuliza swali zuri kuliko mengi tunayouliza sisi watu wazima, na huko mbele utaona hakuwa mbali na ukweli hata kidogo.

Neno lenyewe kwa Kigiriki ni eremos. Mathayo 4:1, Marko 1:12, Luka 4:1, kote ni hilohilo. Na kwa asili yake wala si jina la aina ya ardhi, ni neno la kusifu, kama sisi tunavyosema "tupu" au "pweke". Kitu chochote kilichoachwa, kisicho na mtu, Mgiriki alikiita eremos, iwe nyumba iliyohamwa, iwe mji uliobaki magofu, iwe hata binadamu. Fungua Wagalatia 4:27 pale Paulo anaponukuu Isaya kuhusu mwanamke aliyeachwa ambaye watoto wake watakuwa wengi kuliko wa yule mwenye mume, hilo "aliyeachwa" kwa Kigiriki ni eremos. Mwanamke hawezi kuwa mchanga na ngamia! Neno halisemi kuna joto, halisemi hakuna majani, linasema hapa hakuna watu. Wagiriki wakiongelea nchi ya namna hiyo wakawa wanaacha kutaja nchi wanabaki na "ile tupu" peke yake, na hapo ndo likageuka kuwa jina la mahali.

Sasa likaingiaje kwenye Biblia. Karne ya 3 kabla ya Kristo Wayahudi wa Aleksandria, kule Misri, walianza kuyatafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, na kila walipokutana na neno la Kiebrania midbar mara nyingi wakaweka eremos. Midbar ni nchi ya wachungaji, iko nje ya mashamba na nje ya mji, mvua yake ya kuokoteza, watu wanapeleka kondoo na mbuzi msimu wa majani kisha wanarudi. Ndo maana Zaburi 65:12 inaongelea malisho ya nyikani, na hakuna malisho kwenye mchanga mtupu. Kitabu cha Hesabu kwa Kiebrania kinaitwa Bemidbar, yaani "nyikani", kwa sababu safari yote ile ya Israeli iko kwenye nchi hiyo. Kwa hiyo Mathayo na Marko wanapoandika eremos, msomaji wao Myahudi anasikia midbar nyuma yake, anasikia Musa, mana, miaka 40.

Nyika ya Uyahudi yenyewe ikoje? Yerusalemu iko juu mlimani kama mita 750 hivi kutoka usawa wa bahari na inapata mvua karibu sawa na Dodoma. Ukishuka mashariki kama kilomita 25, umbali wa kama Posta mpaka Mbezi ya Kimara, unajikuta kwenye Bahari ya Chumvi ambayo iko zaidi ya mita 400 CHINI ya usawa wa bahari, na huko mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Mawingu yanatoka Bahari ya Kati, yanapanda mlima upande wa magharibi yanamwaga maji yote huko, yakivuka yanateremka makavu. Ukishawahi kupanda basi la Moshi ukaangalia kushoto na kulia pale Same, mlima juu kijani na wewe bondeni kwako miiba na vumbi, basi umeshaiona kanuni yenyewe. Huko Uyahudi ni vilima vya mawe ya chokaa, makorongo marefu, mapango, na mvua za baridi zikipita panaota majani mafupi ya wiki chache mbuzi wanakula, kisha pote panakauka. Mchanga wa kwenye picha za Sahara haupo.

Na eremos haikai huko kwenye ukavu peke yake. Angalia watu elfu tano walipolishwa, kando ya Ziwa la Galilaya. Kwenye Mathayo 14:15 wanafunzi wanasema "Mahali hapa ni nyika tupu", wanataka watu waagwe waende vijijini wakanunue chakula, mistari minne mbele Yesu anawaambia watu wakae kwenye majani, na Marko 6:39 anaongeza kwamba yalikuwa majani mabichi. Majani mabichi, vijiji vya kwenda kwa miguu jioni ileile, na bado panaitwa eremos! Hapo ukimwambia mtoto ni jangwa la mchanga unampotosha kabisa, kilichokuwa kimekosekana pale ni nyumba na maduka.

Sasa Biblia zetu. Union Version ya 1952 inasema nyikani sehemu nyingi, Habari Njema inasema jangwani, na wala usidhani mmoja kamsahihisha mwenzake, maana Union yenyewe inachanganya. Soma Marko 1 mstari wa 12, Roho akamtoa aende nyikani. Mstari wa 13 unaofuata papo hapo, akawa huko jangwani siku arobaini. Kwa Kigiriki ni eremos na eremos, neno moja limerudiwa. Kinachoniuma mimi kwenye hii sura ni hiki: Marko alilipanga hilo neno kama mtu anayepiga ngoma kwa mdundo mmoja. Mstari wa 3 sauti inalia eremos, wa 4 Yohana anabatiza eremos, wa 12 na 13 Yesu anajaribiwa eremos, wa 35 anaamka alfajiri anaenda kuomba mahali eremos, wa 45 ameshindwa kuingia mjini kwa umaarufu anakaa nje mahali eremos na watu wanamfuata hukohuko kutoka kila upande. Kwetu mdundo umekatika. Kwanza ni nyikani, afu jangwani, afu kuanzia mstari wa 35 inakuwa "mahali pasipokuwa na watu", na msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba Yesu alirudi kuomba kwenye mahali pa namna ileile alipopambana na Shetani, wala kwamba mwisho wa sura mahali pasipo na watu pamejaa watu. Ungekuwa unasoma Kigiriki ungeliona hilo bila kufundishwa na mtu.

Ukiniuliza mimi nachagua lipi, nachagua nyika. Mumeo yuko sahihi kwamba nyika ina swala, na hilo halimharibii kitu, maana Marko 1:13 inasema Yesu alikuwa pamoja na wanyama wa mwitu. Nyika kwa Kiswahili ni nchi pana ya wazi, kavu, ya vichaka na majani, ambayo mtu anapita na mifugo na hajengi, na wa pwani tangu zamani waliita hivyo bara lile kavu lililo nyuma ya mashamba yao. Hiyo ni midbar kabisa. Jangwa si kosa, kule Uyahudi ukame upo wa kweli, ila siku hizi neno hilo limeshatekwa na picha za Sahara, mtu akilisikia tu kichwani anaona ngamia. Na tunalo neno la tatu ambalo watu wanalisahau, ukiwa. Mathayo 23:38 Yesu anaiambia Yerusalemu kwamba nyumba yao wameachiwa hali ya ukiwa, na neno liko kwenye ukoo huohuo wa eremos. Kiswahili cha wazee kina mkiwa, mtu asiye na ndugu wala wa kumkimbilia, kina ukiwa, na kina mahame, kijiji ambacho watu wameondoka zimebaki kuta. Mgiriki hayo yote angeyafunika na neno moja.

Hapo ndo narudi kwenye Jangwani yetu. Mama yangu mdogo alikuwa na nyumba bondeni Msimbazi, na mafuriko ya Desemba 2011 yalipopita akawa miongoni mwa waliohamishiwa Mabwepande. Miezi kadhaa baadaye nilimsindikiza kwenda kuangalia, tukakuta sakafu ya saruji, mwembe na vipande vya bati, na yeye hakusema "pamekuwa jangwa", alisema "pamekuwa ukiwa". Nilikuwa nimesoma Kigiriki miaka mitatu nikiwa nakariri kwamba eremos ni jangwa, na siku ile ndo niliielewa, kwa mama mdogo ambaye hajui herufi moja ya Kigiriki. Maji yalikuwepo, udongo mzuri ulikuwepo, mwembe ulikuwa unazaa. Watu ndo hawakuwepo.

Na mafuriko ya yule mtoto sasa. Msimbazi inajaa Jangwani kwa sababu mvua imenyesha juu huko Pugu na Kisarawe, unaweza kuwa umesimama Magomeni kwenye jua na maji yanakuja. Nyika ya Uyahudi iko hivyohivyo, mvua ikipiga juu milimani upande wa Yerusalemu na Bethlehemu, korongo kavu la chini ambalo halijaona tone linajaa ghafla na linabeba watu mpaka leo. Bonde la Kedroni linatoka palepale Yerusalemu linapita katikati ya nyika hiyo kwenda Bahari ya Chumvi, na Yohana 18:1 anapoliita kijito ametumia neno cheimarros, ambalo kwa kulipasua ni "linalotiririka msimu wa mvua". Mto wa masika. Kwa hiyo mwambie mtoto wako kwamba mafuriko yapo huko, kwamba mtu anayekaa kwenye nyika ile lazima ajue asilale kwenye korongo, na kwamba Biblia haitaji mvua kwenye siku zile 40 ila inataja njaa. Mwambie pia Yesu alikuwa peke yake, hapakuwa na kaka wala dada wala jirani wa kumwita. Watoto wa miaka sita kuogopa kuwa peke yao wanakujua vizuri, hilo watalishika haraka kuliko ngamia.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kazini kwetu kuna kaka mmoja anabishana na sisi kila siku kuhusu Luka 15, anasema yule mchungaji ni mzembe, unaachaje kondoo 99 nyikani wakaliwe na simba, afu unaenda kutafuta mmoja? Sisi tunajibu kwa imani tu ila kusema kweli hatuna jibu. (Kijana wa Tabata)

JIBU: Marahaba. Huyo kaka anasikia "nyikani" kama mahali pa kutupia kitu, na hapo ndo anapokosea. Kwa kondoo nyika ndo nyumbani, ndo malishoni, mchungaji hakuwatoa zizini akawatupa porini, amewaacha palepale walipokuwa wanakula. Mathayo 18 ikisimulia mfano huohuo inasema milimani wala haitaji nyika, na yote mawili ni kweli kwa nchi ile kwa sababu malisho ya Uyahudi ni vilima vya nyika. Hatari ipo, sikatai, Daudi alipigana na simba na dubu akichunga kondoo wa baba yake, na Luka hasemi kama kulikuwa na mtu mwingine wa kuwaangalia hao 99, kwa hiyo na sisi tusimtunge. Lakini 99 wako pamoja na wako kwenye majani wanayoyajua. Aliye eremos kweli, aliyeachwa peke yake, ni yule mmoja.

SWALI: Sauti ya mtu aliaye nyikani, au sauti inalia kwamba itengenezeni nyikani njia? Isaya 40:3 na Mathayo 3:3 nikizilinganisha naona hazilingani. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Umeona vizuri sana. Kwenye Kiebrania mistari miwili inajibizana, itengenezeni nyikani, nyosheni jangwani, midbar huku na araba kule, kwa hiyo nyika ni mahali pa njia. Union kwenye Isaya imefuata hivyo, ndo maana unakuta nyikani na jangwani kwa pamoja, na safari hii kuna sababu maana kwa Kiebrania ni maneno mawili kweli. Wale watafsiri wa Kigiriki mstari wa pili waliuandika bila hilo neno la pili, na maandishi ya zamani hayakuwa na mkato, basi "nyikani" ikabaki haina mwenzake wa kujibizana naye, ikasogea upande wa sauti. Injili zinafuata Kigiriki hicho, na ilikaa vizuri kwa sababu Yohana alikuwa nyikani kweli. Watu wa Kumrani, wale ambao magombo yao yalianza kupatikana mwaka 1947 mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi, walisoma upande wa Kiebrania, na kwenye kanuni za jumuiya yao wameuandika mstari huu kama sababu ya kwenda nyikani kuitengeneza njia. Nyika yenyewe ni hiyohiyo ya Yohana.

SWALI: Mwalimu, Matendo 8:26 inasema njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza "nayo ni jangwa", halafu mstari wa 36 towashi anasema tazama maji haya. Jangwani maji ya kubatizia mtu yametoka wapi? Mchungaji wetu alisema ni muujiza, mimi naona Luka angesema kama ni muujiza. (Baba Neema, Kimara)

JIBU: Nakubaliana na wewe, Luka miujiza haifichi, mistari mitatu baadaye anasema wazi kwamba Roho alimnyakua Filipo. Maji hajayatolea maelezo kwa sababu hayakuhitaji maelezo. Njia ya Gaza inateremka magharibi, upande ule wa mvua nilioueleza juu, upande wa mashamba, na chemchemi na mabonde yenye maji yapo. Neno ni eremos tena. Linaweza kuwa linaelezea njia, kwamba haina watu, au linaelezea Gaza ya zamani, maana kwa Kigiriki kiwakilishi kinaweza kushika lolote kati ya hayo mawili, na Gaza ilishawahi kubomolewa, Aleksanda aliizingira na kuiteka mwaka 332 kabla ya Kristo.

Mimi naegemea njia, na sababu yangu iko kwenye neno lingine la mstari huohuo. Union inasema malaika alimwambia Filipo aende "upande wa kusini". Neno hilo ni mesembria, maana yake ya kwanza ni katikati ya mchana, ikawa kusini kwa sababu kule kwao jua la saa sita mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, si kama hapa Dar ambapo linahamahama kaskazini na kusini. Nenda Matendo 22:6, Paulo anasimulia mwanga wa Dameski, utakuta neno hilohilo limetafsiriwa adhuhuri. Basi isome hivi: ondoka adhuhuri, shika njia ya Gaza, haina mtu. Saa ambayo kila msafiri amekaa kivulini, barabara nyeupe, na Filipo anaambiwa nenda, anaenda, na kwenye hiyo njia isiyo na mtu anakuta gari moja limesimamisha vumbi na mtu mmoja ndani yake anasoma Isaya kwa sauti.